Rangi Zinazong'aa na Kikohozi Kisichoisha

Somo la kikundi. Muda: saa moja na nusu. Mwenyekiti asome polepole, na mahali penye swali asimame ili watu waongee.

Vifaa vya kutayarisha: noti moja ya shilingi, karatasi nyeupe ya kuandikia, shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga, taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti (ombeni kwa mwenye duka au wakala wa pesa za simu), kijiko cha chai, na kijikopo chenye kifuniko cha kuzungusha.



Somo la leo lilianza na swali ambalo tuliulizwa tukashindwa kujibu. Mama mmoja mchuma chai, mwanachama wa kikundi kama chenu, alikohoa tangu mvua za masika. Kwanza alinunua dawa ya kikohozi dukani. Ikaisha, akanunua nyingine. Jirani akamwambia ni moshi wa jikoni. Mwingine akamwambia ni baridi ya kuamkia majani na umande. Kikapu alichokuwa akikijaza mara tatu kabla ya saa sita akawa anakijaza mara moja tu, halafu anakaa chini kando ya barabara kungoja lori la majani, hana nguvu.

Mwishowe alikwenda kupimwa. Makohozi yake yalitazamwa kwa njia ya zamani, akaambiwa hakuna kitu. Akafurahi, sisi pia tukafurahi, akarudi nyumbani. Miezi miwili baadaye alikuwa mgonjwa zaidi, na mjukuu wake mdogo aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja ameanza kukonda. Tukampeleka hospitali nyingine. Huko mtu wa maabara alitutazama akasema, "Njooni muone wenyewe." Tuliinama kwenye hadubini. Ndani kulikuwa na giza, na katika lile giza vijiti vidogo vyembamba vya manjano vinang'aa kama cheche. Vilikuwa viini vya kifua kikuu.

Yule mama alipoambiwa akatuuliza: "Sasa hiyo rangi ya kuwaka, walinitia kwa mwili lini?" Hatukuwa na jibu zuri. Wiki hiyo hiyo maneno yakaenea kwenye nyumba za wafanyakazi kwamba ati hospitalini watu wanatiwa dawa ya kuwaka. Watu wawili tuliokuwa tumewashawishi wapeleke makohozi wakakataa. Basi tukaona tujifunze jambo hili vizuri, sisi kwanza, halafu tuwafundishe wengine. Ukimya wetu ulikuwa umefungua mlango wa uvumi.

Lengo la somo

Mwisho wa somo hili kila mmoja aweze kueleza: (1) rangi ya kung'aa ni kitu gani; (2) inatengenezwa namna gani; (3) inavyosaidia kuona ugonjwa bila kuingizwa mwilini mwa mgonjwa wa kifua; na (4) kikundi kifanye nini mtu anapokohoa bila kupona.

1. Kung'aa ni nini?

Fungeni madirisha. Washeni ile taa ya zambarau na kuielekeza kwenye karatasi nyeupe, halafu kwenye shati, halafu kwenye noti. (Msiitazame taa yenyewe, inaumiza macho.) Mtaona karatasi na shati vinatoa mwanga wa bluu. Noti halali haing'ai yote namna hiyo. Ni alama zake fulani tu zinazowaka. Hivyo ndivyo mwenye duka anavyotambua noti bandia. Na shati? Sabuni nyingi za unga zimetiwa rangi isiyoonekana kwa macho, inayobaki kwenye kitambaa na kukifanya kionekane cheupe kupita weupe wake.

Sasa zimeni taa. Mng'ao unakwisha papo hapo. Rangi hizi haziwaki zenyewe kama moto au kama kimulimuli. Zinapokea mwanga wa aina moja na kurudisha mwanga wa aina nyingine.

Tuchukue mfano wa chai. Ukipeleka kiwandani kilo 100 za majani mabichi, inatoka chai kavu kama kilo 22 au 23. Mengine yamekwenda na maji yaliyokaushwa. Rangi ya kung'aa ni kama kiwanda kidogo sana. Inapokea mwanga wenye nguvu nyingi, kwa mfano zambarau au bluu, na sehemu ya nguvu hiyo inapotea kama joto. Kinachobaki kinatoka kama mwanga wenye nguvu pungufu, yaani kijani, manjano au nyekundu. Kazi hiyo yote huchukua muda mfupi mno, sehemu za bilioni za sekunde moja. Kwa sababu mwanga unaotoka ni tofauti na ule ulioingia, mtu wa maabara anaweza kuweka kioo cha kuzuia mwanga wa taa na kuruhusu ule wa rangi peke yake upite. Ndiyo maana tuliona giza na cheche.

Wataalamu waliliona jambo hili katika dawa ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa uchungu wake: kwinini. Mwaka 1845 John Herschel wa Uingereza alieleza jinsi maji yenye kwinini yanavyotoa mwanga wa bluu juani. Mwaka 1852 George Stokes alieleza sababu yake na kulipa jambo hili jina, akilichukua kutoka kwa jiwe liitwalo florispa. Jiwe hilo si geni kwetu. Lilichimbwa kwa miaka mingi kule Bonde la Kerio, upande wa Elgeyo Marakwet, mpaka kazi ya mgodi iliposimama mwaka 2016. Kumbe jina la kitu hiki limetokana na jiwe ambalo ndugu zetu wamelichimba kwa mikono yao!

2. Rangi hizi hutengenezwaje?

Hadithi inaendelea na kwinini. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 huko London, William Perkin, alijaribu kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe. Hakuipata. Alipata uchafu mweusi, na alipousafisha kwa spiriti ukawa rangi nzuri ya zambarau. Kutokana na kosa hilo viwanda vya rangi vikaanza Ulaya, na wanakemia wakaendelea kuichunguza lami ile, wakitoa humo vitu vingi na kuviunganisha.

Mwaka 1871 Adolf von Baeyer wa Ujerumani alitengeneza rangi iitwayo fluoresini. Tuieleze kama mapishi. Alichukua vitu viwili vyeupe, kimoja kinaitwa anihidridi ya thalati na kingine resosinoli. Kipimo ni kimoja cha kile cha kwanza kwa viwili vya hiki cha pili. Vikipashwa moto mkali pamoja na kitu cha kuharakisha, vinashikana na maji yanatoka, kama sufuria inavyotoa mvuke. Kinachobaki ni unga wa rangi ya machungwa mekundu. Ukiuyeyusha katika maji yenye magadi kidogo na kuupiga mwanga wa bluu, unang'aa kijani kikali hata kama umetia kiasi kidogo sana.

Ukali huo ulitumika mapema. Mwaka 1877 huko Ujerumani watu walibishana kama maji yanayozama chini katika mto Danube ndiyo yanayotokea kwenye chemchemi ya Aach iliyo mbali. Wakamwaga kilo 10 za fluoresini mahali maji yanapozama. Baada ya kama saa 60 chemchemi ikatoka kijani, na ubishi ukaisha. Nasi tuna chemchemi zetu, na swali la kutuhusu: maji ya choo kilicho juu ya kilima yanakwenda wapi? Hilo tutalijadili siku nyingine.

Rangi tunayoihitaji leo inaitwa auramini, ya manjano. Iligunduliwa na Heinrich Caro na Alfred Kern mwaka 1883. Hii inapikwa kwa hatua. Kutoka katika lami hupatikana kitu kiitwacho anilini. Anilini hubadilishwa, kisha vipande viwili vyake huunganishwa kwa gesi ya sumu ili kupata kitu cha katikati kiitwacho ketoni ya Michler. Hatimaye hicho hupashwa moto pamoja na chumvi ya amonia na chumvi ya zinki, na auramini hutoka. Ilitengenezwa kwa ajili ya kutia rangi nguo, karatasi na ngozi. Hakuna aliyewaza kifua kikuu.

3. Auramini inavyokikamata kiini

Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kiini kinacholeta kifua kikuu. Ndiyo maana kila mwaka tarehe hiyo ni siku ya kifua kikuu duniani. (Koch alifika hata pande zetu. Mwaka 1906 na 1907 alikaa visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria akichunguza ugonjwa wa malale.) Mwaka huo huo wa 1882 Paul Ehrlich aligundua jambo kubwa: kiini hiki kikishashika rangi, hata ukikiosha kwa asidi hakiiachi.

Kwa nini? Wachuma chai wanajua jibu kwa mikono yao. Utomvu wa majani ukishaingia kwenye vidole unageuka mweusi, na unaweza kuosha kwa sabuni mpaka jioni usitoke. Lakini ule uliomwagika kwenye ndoo ya plastiki unatoka mara moja. Kiini cha kifua kikuu kina ngozi ya nta, nene na ngumu. Rangi ikishapenya kwenye nta hiyo inakaa. Viini vingine vya mdomoni havina nta ya namna hiyo, kwa hiyo asidi inavisafisha.

Kazi yenyewe inakwenda hivi:

(a) Makohozi kidogo hupakwa kwenye kipande cha kioo, yakakauka, na kioo kikapitishwa kwenye moto.
(b) Auramini iliyochanganywa na fenoli humwagiwa juu na kuachwa kama dakika 15 hadi 20, kisha huoshwa kwa maji.
(c) Asidi yenye spiriti humwagiwa ili kuiondoa rangi kwa kila kitu isipokuwa viini vyenye nta.
(d) Dawa nyingine, kama pamanganeti, humwagiwa kwa muda mfupi ili sehemu zilizobaki ziwe giza.
(e) Kioo hutazamwa kwa hadubini yenye mwanga wa bluu. Viini vinaonekana vijiti vya manjano au kijani kwenye giza.

Ndugu zetu, angalieni vizuri: katika hatua hizo zote mgonjwa hayupo. Yuko nje kwenye benchi, au yuko nyumbani kwake. Rangi inatiwa kwenye makohozi yaliyokwisha kutoka mwilini, juu ya kioo, na kioo hicho baadaye hutupwa salama. Hili ndilo jibu tulilopaswa kumpa yule mama: "Hapana, mama, hawakukutia kitu. Walitia rangi uchafu uliotoka kifuani mwako, ili ugonjwa usijifiche."

4. Kwa nini kipimo cha kwanza kilisema hakuna kitu?

Njia ya zamani hutumia rangi nyekundu kwenye mwanga wa kawaida, na viini huonekana vyekundu juu ya bluu. Ni njia nzuri iliyookoa watu wengi, lakini ina udhaifu wake. Kwanza, ili viini vionekane inabidi viwe vingi, kama 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita moja ya makohozi. Pili, mtu wa maabara lazima akuze sana picha, kwa hiyo anaona eneo dogo kwa wakati mmoja, mahali baada ya mahali, mpaka mia. Akiwa na vioo arobaini mezani, jicho linachoka.

Vijiti vinavyong'aa huonekana hata picha ikikuzwa kidogo, kama vile nyota huonekana usiku bila kutafutwa moja moja. Eneo kubwa hutazamwa mara moja, na kazi huchukua kama robo ya muda wa zamani. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zilionyesha kwamba njia ya mng'ao huwatambua wagonjwa zaidi kwa kama asilimia 10 ikilinganishwa na ile ya zamani.

Basi mbona haikufika vijijini mapema, na auramini ilikwisha kutumiwa kwa kifua kikuu tangu miaka ya 1930? Tatizo lilikuwa taa. Hadubini za mng'ao zilitumia taa ya zebaki, ghali, yenye joto na sumu, inayokufa baada ya saa mia chache, na ilihitaji chumba cha giza na umeme usiokatika. Hapo ndipo ikaja taa ndogo ya kisasa, aina ile ile iliyo katika tochi zetu na simu zetu. Inadumu maelfu mengi ya saa na inaweza kutumia hata betri. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri hadubini za taa hizo zichukue nafasi ya zile za zamani.

Wakati huo huo ikaja mashine ya kutazama vinasaba, ambayo wengi wenu mmeisikia ikiitwa Jini-Eksipati. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwezi Desemba 2010. Makohozi huwekwa kwenye kikasha, na mashine inanakili vinasaba vya kiini mara nyingi. Ndani ya kikasha kuna vipande vidogo vilivyofungwa rangi za mng'ao. Kila kipande kimekunjwa ili rangi yake isionekane. Kikikutana na kinasaba kinachofanana nacho kinakunjuka, na rangi inang'aa. Mashine inahesabu mng'ao huo na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Inaweza kuona viini hata vikiwa kama 130 tu katika mililita, na tena inaonyesha kama kiini kimekwisha kuwa sugu kwa dawa kubwa iitwayo rifampisini. Leo mashauri ya wataalamu ni kwamba kipimo cha namna hii kiwe cha kwanza, na hadubini isaidie hasa kufuatilia kama mgonjwa anapona. Hata vile vipimo vya pua vya Korona mwaka 2020 vilivyopelekwa maabara vilitumia rangi za aina hiyo.

Kwa hiyo mtu akiambiwa "hakuna kitu" na bado anakohoa na kukonda, asikae nyumbani. Arudi, na aulize: "Nilipimwa kwa njia gani? Kuna ile ya mashine?" Kuuliza si utovu wa adabu. Yule mama angeuliza, au sisi tungemuulizia, ile miezi miwili isingepotea.

5. Rangi hizo katika jicho na katika damu

Jicho. Kwenye mashamba yetu tawi la mchai uliopogolewa au jani la mahindi humkwangua mtu jichoni mara kwa mara. Jeraha la juu ya kioo cha jicho halionekani kwa urahisi. Daktari huchukua kikaratasi chembamba cha rangi ya machungwa chenye fluoresini, anakigusisha kwenye jicho lenye maji, halafu anamulika kwa taa ya bluu. Palipo pazima pako kimya. Palipochubuka panang'aa kijani. Hapa rangi kweli inaguswa mwilini, lakini ni kidogo na inaondoka na machozi. Jambo la kukumbuka: jeraha la mmea huweza kuingiza ukungu, na ukungu huharibu jicho lote. Msitie maziwa, majani, wala dawa ya matone iliyobaki ya jirani. Baadhi ya matone hayo yana dawa inayolisha ukungu. Nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hapa Bomet, hospitali ya Tenwek ina kitengo cha macho.

Damu. Mwaka 1941 Albert Coons wa Marekani na wenzake walifaulu kufunga rangi ya mng'ao kwenye askari wa mwili, yaani zile protini zinazotambua ugonjwa. Baadaye wanakemia walitengeneza fluoresini yenye ndoano ndogo pembeni, inayojishika vizuri kwenye protini. Askari akienda mahali anapokwenda, rangi inaenda naye, na mahali hapo panang'aa. Hivyo ndivyo zinavyohesabiwa chembe za CD4 kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI: damu hutiwa askari wenye rangi, chembe hupita moja moja mbele ya mwale wa mwanga, na mashine inahesabu zinazong'aa. Rangi nyingine za kazi hii hazitengenezwi kiwandani, hutolewa katika mwani mwekundu wa baharini. Wako pia waliotafuta kwa yavuyavu wa baharini. Mwaka 1962 Osamu Shimomura alieleza protini inayong'aa kijani aliyoipata humo, na mwaka 2008 yeye na wenzake wawili, Martin Chalfie na Roger Tsien, walipewa Tuzo ya Nobel.

Watu wa Kericho wamechangia elimu hii. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi wa mashamba ya chai na jamaa zao zaidi ya 2,800 walikubali kushiriki katika utafiti wa virusi vya UKIMWI uliofanywa na wataalamu wa KEMRI na Walter Reed. Kipimo cha wingi wa virusi kinachofuatilia wagonjwa siku hizi pia husomwa kwa mng'ao. Kwa hiyo mtu anapoambiwa virusi vyake havionekani, maana yake ni kwamba rangi haikupata cha kushika, na dawa zinafanya kazi. Asiziache.

6. Onyo kuhusu rangi

Kitu kinachosaidia maabara si lazima kiwe salama jikoni. Huko Uingereza wafanyakazi wa viwanda vya kutengeneza auramini walipata saratani ya kibofu kuliko watu wengine, na jambo hilo lilithibitishwa katika miaka ya 1950. Kina mama wanaosuka vikapu na kutia rangi katani: rangi za unga za manjano na nyekundu za sokoni si za chakula. Msitie kwenye wali, unga wa bizari wala maandazi ya kuuza. Vaeni glavu, na sufuria ya rangi isirudi jikoni.

7. Kazi ya kikundi: makohozi mazuri

Mashine nzuri haiwezi kuona kisicholetwa. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba karibu wagonjwa wanne kati ya kumi wa kifua kikuu hapa Kenya walikuwa hawajagunduliwa. Hao wako katika nyumba zetu, katika matatu, katika foleni ya kupima majani. Hapa ndipo kazi yetu ilipo.

Nani apelekwe? Mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi. Na asingoje wiki mbili ikiwa anatokwa jasho usiku, anakonda, ana homa ya jioni, anakohoa damu, anaishi na mgonjwa wa kifua kikuu, au ana virusi vya UKIMWI. Mtoto asiyeongezeka uzito pia.

Namna ya kutoa makohozi (mwenyekiti aonyeshe kwa kijikopo na kijiko):

- Asubuhi kabla ya kula, sukutua mdomo kwa maji.
- Toka nje penye hewa, mbali na watu. Si jikoni, si chooni.
- Vuta pumzi ndefu mara mbili, ukohoe kutoka chini kifuani. Mate hayafai.
- Kiasi kinachotosha ni kama kijiko kimoja cha chai, au kasoro kidogo.
- Funga kifuniko. Jina liandikwe kwenye kikopo chenyewe, si kwenye kifuniko.
- Kipeleke siku hiyo hiyo, kisipigwe na jua.

Mtoto mdogo hawezi kutema, huyameza makohozi. Siku hizi hata choo chake kinaweza kupimwa kwa mashine ya vinasaba. Ulizeni.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali na vituo vya serikali, kwa kawaida miezi sita. Baada ya wiki chache za kumeza dawa vizuri, wengi hawaambukizi tena. Hapo ndipo mtu hujisikia mzima na kushawishika kuacha, na viini vilivyobaki hurudi vikiwa sugu. Kila mgonjwa apewe mwanakikundi mmoja wa kumtembelea. Wanaoishi naye wapimwe, na wasio wagonjwa waulize juu ya dawa ya kuzuia.

Maswali ya kujadili

1. Mtu akikuambia "hospitalini wanatia watu dawa ya kuwaka", utamjibu nini kwa maneno yako mwenyewe?
2. Kwa nini kiini cha kifua kikuu hakiachi rangi kinapooshwa kwa asidi?
3. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo anapoteza nini akienda hospitali siku nzima? Kikundi kinaweza kumsaidia namna gani, kwa mfano kumchumia zamu yake, au nauli kutoka sanduku la dharura?
4. Je, nyumba zetu zina madirisha yanayofunguka? Nani alale chumba gani mgonjwa akiwapo?

Kazi kabla ya kukutana tena: kila mwanachama atembelee nyumba tano, aulize kuhusu kikohozi bila kumwaibisha mtu, na alete idadi tu, si majina. Majina apewe mhudumu wa afya wa kijiji peke yake.

Yule mama alimaliza miezi yake sita, na mjukuu naye akatibiwa. Amerudi shambani. Siku moja tulimkuta kwenye kituo cha kupimia majani akimweleza kijana mmoja anayekohoa. Alimwonyesha vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu, akamwambia, "Ona hii. Nimeosha na haitoki. Na hiyo kitu ya kifua ni hivyo hivyo, ikishikwa na rangi haiwezi kujificha. Wewe peleka makohozi tu." Kijana akaenda.